Aelekezaye Ana Dhamana Gani?

Kila mwaka, tarehe 7 Julai, sisi walimu wa Kiswahili hukutana kuiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021. Katika mojawapo ya maadhimisho hayo hapa Bujumbura nilikabidhiwa mgeni, mwalimu mwenzetu kutoka Dar es Salaam, nimwangalie mpaka atakapopanda ndege. Hotuba zilipokwisha, mashairi yakaghaniwa na soda zikanywewa, mgeni wangu alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, katika mji huu wenu, baa nzuri ya kokteli naipata wapi?"

Swali lilikuwa jepesi. Mtu mwingine angalilijibu kabla hajameza mate. Mimi nilisimama nikitazama viatu vyangu, hata yule bwana akadhani ameniudhi, akaanza kuniomba radhi. Nikamwambia hapana, hakuniudhi. Ni kweli kwamba sinywi. Nilizaliwa Buyenzi katika nyumba ya Kiislamu, na pombe haijapata kupita kooni mwangu. Lakini si hilo lililonifunga mdomo. Swali hilohilo niliwahi kuulizwa zamani, nikalijibu upesi, na jibu langu likamponza mtu. Katika makala haya nakusudia kulitazama jambo hilo kwa utulivu ambao siku ile sikuwa nao: mtu anapomwelekeza mwenzake mahali pa starehe, anabeba nini?

Yafaa tuanze na lugha, maana hiyo ndiyo kazi yetu. Neno baa tunalo mara mbili. Liko baa la zamani, ambalo maana yake ni msiba au maangamizi. Twasema baa la njaa, na wingi wake mabaa. Iko na baa ya siku hizi, tuliyoichukua kwa Waingereza, yaani nyumba inayouza vileo. Matamshi ni mamoja. Kinachoyatenga maneno haya mawili ni ngeli tu. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika insha yake kwamba mjomba wake amefungua "baa zuri". Nikampigia mstari mwekundu, kisha nikacheka peke yangu, kwa kuwa mtoto yule, kwa kukosea upatanisho mdogo tu, alikuwa amemshitaki mjomba wake mbele ya dunia nzima. Hapa kwetu, kwa hakika, hatari hiyo hatunayo sana, maana wengi wetu hatusemi baa. Twasema kabare, neno tulilorithi katika Kifaransa cha Wabelgiji, au buveti ikiwa ni kijumba chenye viti vinne na kreti moja.

Ama neno kokteli, asili yake hata wenyewe wanaolitumia hawajakubaliana juu yake. Tunachojua ni kwamba mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, katika jimbo la New York, liliwaeleza wasomaji wake kuwa hicho ni kinywaji kilichofanyizwa kwa pombe kali ya aina yoyote, pamoja na sukari, maji na machungu ya mitishamba. Namwomba msomaji ayaweke akilini maneno hayo, "ya aina yoyote", kwa sababu nitayarudia.

Tena mgeni wangu alisema baa nzuri, hakusema baa njema. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; siku hizi wengi husema kizuri chajiuza, wala hawaoni kwamba kuna kitu kimepotea njiani. Uzuri ni wa jicho na wa ulimi: taa, meza, barafu, rangi ya kinywaji. Wema ni wa mwenendo. Baa nzuri naweza kuijua nikipita barabarani jioni. Baa njema haijulikani mpaka saa saba ya usiku.

Ndugu msomaji aweza kuuliza, mtu asiyekunywa anayajuaje hayo? Nayajua kutoka upande wa nyuma. Ninakaa Buterere, kaskazini ya jiji, karibu na uwanja wa ndege, katika nchi tambarare ambapo mvua ikinyesha sana maji huingia nyumbani bila kupiga hodi. Ni huku ambako taka za Bujumbura huletwa kutupwa, na ni huku yalikochimbwa mabwawa ya kusafishia maji machafu ya jiji. Mtu wa Rohero hunywa, na mtu wa Buterere huona alichokunywa. Nimejifunza jambo moja kwa kupita kando ya jalala kila asubuhi. Chupa ya Primus ya sentilita 72 haionekani pale, wala ya Amstel, kwa maana chupa hizo zina dhamana: asiyerudisha chupa hulipa, na kreti hurejea kiwandani Brarudi. Chupa zinazofika jalalani ni zile za pombe kali kutoka ng'ambo, zenye shingo ndefu na vibandiko vya dhahabu, ambazo hazina anayezidai. Akina mama huziokota, huziosha, huziuza tena kwa kutilia mafuta au asali. Kwa idadi ya chupa hizo naweza kukadiria mwezi uliokuwa na harusi nyingi mjini.

Neno dhamana nimelitumia hapo juu kwa maana yake ndogo, ya fedha anayoacha mnunuzi ili chupa irudi. Sasa natazama maana yake kubwa, na hapana budi niyasimulie yale yaliyotokea.

Yapata miaka kumi na minane iliyopita nilifundisha katika shule moja ambayo sitaitaja. Aliletwa pale mwalimu kijana kutoka mikoani, mpole, hodari wa hesabu, akapanga chumba kilichopakana na changu. Siku moja ya mwisho wa mwezi alikwenda benki kuchukua mshahara wake, na walimu wawili wa kike waliokuwa na vipindi mpaka jioni walimpa idhini awachukulie na wao. Tulikuwa tunatumana hivyo, hapana aliyeona ajabu. Kabla hajaondoka aliniuliza: "Kaka, wewe ni mtoto wa mji. Niambie mahali ambapo mtu anaweza kukaa kwa heshima, akanywa kitu cha kistaarabu. Nimechoka na Primus ya moto chini ya mwembe."

Sikuwahi kuingia mahali kama hapo hata siku moja. Lakini alikuwa ameniita mtoto wa mji, na sikutaka cheo hicho kinitoke. Nilikuwa nimesikia watu wakisifu nyumba moja ndani ya teksi. Nikamtajia jina lake na barabara yake kwa uhakika wa mtu aliyekulia ndani yake, hata nikaongeza kwamba huko humimina vizuri. Maneno hayo, kwamba humimina vizuri, ndiyo yaliyokuja kuniuma baadaye kuliko yote, maana hakuna aliyeniambia. Niliyatunga mwenyewe ili jibu lipendeze.

Alikwenda peke yake. Alisimulia kwamba alipewa glasi ndefu yenye kitu cha kijani na kipande cha limau, kisha ya pili ambayo hakuiagiza, ikasemwa ni zawadi ya watu wa meza ya jirani. Ya tatu aliikumbuka nusu. Alfajiri wafagiaji walimkuta amelala ukingoni mwa mfereji, hana viatu, hana mkoba, hana mishahara ya watu watatu.

Mkuu wa shule alitukusanya. Alimwuliza kijana ni nani aliyempeleka kule. Kijana akajibu, "Nilikwenda mwenyewe." Hakunitazama. Alitazama sakafu, nami nikatazama sakafu. Tulichanga fedha kuwasaidia wale akina mama wawili, kila mwalimu kiasi kilekile, nami nikatoa kama wenzangu, bila kuzidisha hata faranga moja, kwa hofu kwamba nikizidisha nitaulizwa sababu. Fedha iliyobaki aliilipa yeye mwezi baada ya mwezi. Alipomaliza, aliacha ualimu akavuka mpaka, na habari nilizozipata ni kwamba anauza vitenge Uvira. Sikumwomba radhi.

Kisa hiki nilikifunua kwa watu wawili tu, na wote wawili walinipa majibu ambayo nimeyapima kwa miaka mingi. Wa kwanza alikuwa mjomba wangu wa Buyenzi, Mungu amrehemu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, ulikosea pale ulipofungua kinywa. Wanachuoni hawakumlaumu mnywaji peke yake. Walimtaja na mmiminaji, na mbebaji, na muuzaji. Wewe ulibeba kwa ulimi." Wa pili ni mwalimu mwenzangu wa Ngagara, Mkatoliki, mtu wa Amstel moja kila Ijumaa. Yeye alinicheka. "Kijana alikuwa mtu mzima mwenye akili zake," akasema. "Ukimwelekeza mtu sokoni akaibiwa, wewe ndiwe mwizi?"

Jibu la mjomba ni zito, na kwa mtu wa imani yangu halina njia ya mkato. Hata hivyo nilipojaribu kulitenda niliona ugumu wake. Mgeni akiniuliza nami nikasema sijui, nitakuwa nimesema uongo, na sidhani kwamba dhambi moja hufutwa kwa kuileta nyingine. Nikisema najua lakini sikwambii, mgeni hatalala. Atamwuliza dereva wa teksi, naye atampeleka kule anakopewa chochote kwa kila mteja anayemleta. Kunyamaza kwangu kutakuwa kumemwelekeza pia, tena pabaya zaidi. Mtu hawezi kuiepuka dhamana kwa kuziba mdomo, ikiwa anajua kwamba mwingine ameufungua wake.

Ama jibu la mwenzangu wa Ngagara, lilinifariji kwa muda wa wiki moja. Kisha nikaona kasoro katika mfano wake. Mtu aendaye sokoni huenda na macho yake mawili. Atapima, atabishana bei, atashika mfuko. Aendaye baa huenda ili alipumzishe jicho moja. Hiyo ndiyo bidhaa anayoinunua. Anaweka chini ulinzi wake kwa saa kadhaa, na mtu akiweka kitu chini hapana budi pawe na mwingine wa kukishika. Kwa hiyo niliyemwambia nenda mahali fulani sikumwonyesha nyumba tu. Nilimwonyesha watu atakaowakabidhi akili zake, nikamwambia kwa tendo langu kwamba watazirudisha. Kama hiyo siyo dhamana, sijui dhamana ni nini.

Wenyeji wa nchi hii waliyajua hayo zamani. Katika desturi ya Warundi, mwenyeji akikupa pombe huonja kwanza yeye, mbele ya macho yako, kisha ndipo akupe. Mtama ukichachuliwa ukawa impeke, huwekwa katika chungu kimoja, na watu hunywa kwa mirija yao kutoka chungu kile kile. Wakati huo hakuna anayeweza kumdhuru jirani yake bila kujidhuru mwenyewe. Urwarwa wa ndizi nao hupitishwa mkononi mwa watu wanaojuana kwa majina ya baba zao. Bia ya kiwandani ilipokuja, desturi haikufa, ilibadili vazi. Hata leo katika kabare zetu mhudumu hathubutu kukuletea chupa iliyokwisha kufunguliwa. Huileta imefungwa, huisimamisha mezani, na kifuniko huondolewa wewe ukitazama. Wageni kutoka Ulaya huliona jambo hili kama adabu ya mezani tu. Si adabu tu. Ni uapo mdogo, unaorudiwa kwa kila chupa.

Sasa tazama kokteli. Katika kokteli uapo huo hauwezekani kwa urahisi. Chupa zimefunguliwa tangu jana au tangu juzi. Kinywaji kimechanganywa nyuma ya meza ndefu. Sukari na limau huficha ladha ya kilichomo. Ndiyo sababu nilimwomba msomaji ayashike yale maneno ya mwaka 1806, pombe kali ya aina yoyote. Anayechanganya ndiye anayejua ni aina gani. Sisemi kwamba kuchanganya ni kudanganya, la hasha. Hata pilau ni mchanganyiko, na mpishi hodari hatuulizi kila kiungo. Nasema kwamba mchanganyiko huongeza uzito wa imani. Mnywaji wa Primus anakiamini kiwanda na macho yake. Mnywaji wa kokteli anamwamini mtu.

Na imani hiyo ikivunjwa hugharimu. Mwezi Novemba mwaka 2000, katika vitongoji vya maskini vya Nairobi, pombe ya bei rahisi iliyoitwa kumi kumi ilitiwa sumu ya methanoli ikaua watu zaidi ya 100, na wengine wakapofuka. Nao ulikuwa mchanganyiko, ila haukuwa na barafu wala kipande cha limau. Tanzania ilipopiga marufuku pombe za mifuko ya plastiki, viroba, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, wako waliosema kwamba maskini wananyimwa starehe yao. Mimi nilijiuliza mbona tajiri akinywa mchanganyiko tunamwuliza kama ulikuwa mtamu, na maskini akinywa wake tunamwuliza kama yu hai.

Katika mji huo huo wa Nairobi kuna kokteli iliyopata sifa katika mkahawa uitwao Carnivore, uliofunguliwa mwaka 1980. Ni vodka, ndimu, asali na barafu, na hukorogwa kwa kijiti. Imepewa jina la Kiswahili: dawa. Naona fahari kidogo kwamba lugha yetu imefika mpaka kwenye orodha za vinywaji za watalii, na naona wasiwasi kidogo pia. Lugha iliyo na baa la msiba na baa ya pombe kwa sauti moja, sasa inauza dawa ndani ya baa. Mwalimu wa sarufi anaweza kuyatenga hayo kwa ngeli. Mgonjwa je?

Lakini nisimtwishe mwelekezaji mzigo usio wake. Usiku wa tarehe 18 Septemba 2011, huko Gatumba, njiani kwenda mpaka wa Kongo, watu wenye silaha waliingia katika baa wakawamiminia risasi waliokuwamo. Walikufa zaidi ya watu 30. Nyumba hiyo iliitwa Chez les Amis, yaani Kwa Marafiki. Bila shaka wamo waliokwenda pale kwa kuelekezwa: mtu alimwambia ndugu yake pale pana samaki mzuri, pana watu wema, nenda utapumzika. Na alisema kweli. Aliyesema hivyo, kama yu hai, najua analia, lakini hana hatia, kwa kuwa alisema alilolijua na kilichokuja hakikuwa ndani ya alilolisema. Mimi nilisema nisilolijua. Hapo ndipo penye mpaka, naamini, kati ya msiba na kosa. Dhamana ya mwelekezaji haifiki mpaka kwenye yote yatakayotokea. Inafika mpaka kwenye ukweli wa neno lake, na baada ya hapo inafika mahali pengine pamoja, ambapo ilinichukua muda kupaona.

Plato, katika kitabu chake cha Sheria, alilizungumza jambo la vikao vya unywaji kwa kirefu ambacho humshangaza mwanafunzi anayedhani falsafa ni mambo ya juu ya mawingu. Hakusema vikao vivunjwe. Alisema kila kikao kiwe na mkuu, kama jeshi lilivyo na jemadari, na mkuu huyo awe mtu asiyelewa. Nilipolisoma jambo hilo kwa mara ya kwanza, katika masomo ya diploma, nilitabasamu tu. Nililikumbuka siku ile mgeni wangu aliponivuta kando. Nilikuwa nimejiona siku zote kama mtu asiye na haki ya kusema lolote juu ya baa, kwa kuwa sinywi. Kumbe yawezekana kwamba asiyekunywa ana kazi yake pale.

Kadhalika Kirundi kina neno zuri sana, agashinguracumu. Ni kinywaji cha mwisho anachopewa mgeni anapokaribia kuondoka, na ndani ya neno hilo mna kung'oa mkuki: mgeni aliuchomeka ardhini alipoingia, sasa anaung'oa aende zake. Yaani alikuwa ameweka silaha chini kwa muda wote aliokaa. Na akiisha kuung'oa, mwenyeji hunyanyuka akamsindikiza. Hakuna mwenyeji wa zamani aliyesema njia ni ile pale, nenda. Sisi wa mjini ndio tuliovumbua kuelekeza bila kusindikiza, kwa kidole, kwa kidevu, sasa kwa simu.

Basi nilimwambia mgeni wangu: "Twende." Akashangaa. Nikamweleza kwamba Bwiza angepata muziki na mishikaki, lakini kokteli huko si mambo yake. Katikati ya Rohero zipo nyumba kadhaa, nyingine nzuri na nyingine zenye taa tu. Na ufuoni mwa Tanganyika zipo zile za hoteli. Cercle Nautique ilijulikana tangu zamani kwa watu wanaokaa kutazama viboko jua likizama. Nikamweleza pia kwamba ziwa lilipanda mwaka 2021, likapanda tena mwaka 2024, maji yakaingia katika hoteli na mikahawa ya ufuoni, kwa hiyo asitegemee kila alichokisoma kabla ya miaka hiyo. Kisha nikampigia simu mwenzangu wa Ngagara, nikamwuliza ni wapi yeye mwenyewe, kwa mwili wake, amekaa mpaka usiku na akarudi na mkoba wake. Akataja mahali pamoja karibu na maji. Sikutaka jina ambalo limesifiwa tu.

Tulikwenda kwa teksi, na tulingoja sana kuipata, maana mafuta yalikuwa adimu siku hizo. Mimi niliagiza Fanta sitroni. Mgeni aliagiza kitu chenye ramu na mnanaa. Nikamsogelea yule kijana mchanganyaji nikamwuliza, kwa Kiswahili, anatia nini mle. Nilitazamia anione mshamba. Hakuniona hivyo. Alizipanga chupa zake juu ya meza moja moja, vibandiko vikinielekea mimi, akizitaja kama mwalimu anayeita majina ya wanafunzi, na ya ramu ilikuwa bado na muhuri wake. Akaukata mbele yetu, akatazama nyuso zetu, akacheka kidogo. Nadhani alikuwa mtoto wa watu wa mikoani. Mgeni wangu, mtu wa Dar es Salaam, hakuelewa kwa nini nilimshukuru yule kijana kwa mikono miwili.

Alikunywa mbili. Alizungumza sana, tena vizuri, juu ya ushairi na juu ya mkewe. Alisema mambo ambayo asingalinieleza kwenye soda za mkutanoni, nami niliona jinsi mtu anavyokuwa mwepesi na jinsi anavyokuwa dhaifu, vyote viwili kwa wakati mmoja, na nikafahamu kwa nini watu hupenda kwenda huko. Ilipofika saa nne na nusu nilimwambia twende, akakubali kama mtoto. Nilimfikisha mpaka mlangoni pa nyumba ya wageni, nikangoja mpaka nikasikia komeo. Nilirudi Buterere karibu na saa sita, na mke wangu alinusa koti langu akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia kweli. Akanitazama kwa muda, kisha akasema chakula kimepoa.

Mjomba wangu angalikuwa hai asingaliridhika, najua. Angalisema nilikalia kiti ambacho si changu. Sina hoja ya kumshinda, na sikuiandika makala hii ili nimshinde.

Mwezi uliopita mtu mmoja aliyetoka Uvira alinipa namba ya simu ya yule mwalimu wa hesabu, ambaye sasa si kijana tena. Nimeiandika ukurasa wa nyuma wa daftari langu la maandalio ya masomo.